Nilivyowaambia wakwe "nina kesi mia na zote zimenyooka", posa ikasimama

Wakuu, salaam kutoka Joburg, upande wa Randburg.

Humu mimi ni mtu wa kusoma na kucheka pembeni, sijawahi kuanzisha uzi. Leo nimejitosa. Nikiongeza chumvi mtajua tu, maana mshenga wangu ni memba wa humuhumu na ameshaahidi kunirekebisha hadharani.

Ilikuwa 2017. Mimi ni fundi wa lifti, mizunguko yangu mingi ni maghorofa ya Sandton. Ukikwama humo ndani ukabonyeza kengele, anayekuja ni mimi au mwenzangu. Kazi nzuri, ila kila unayemwokoa lazima akutukane kwanza.

Jirani yangu ni Mburu mstaafu, Mzungu wa huku, anaitwa Oom Kobus. Huku "Oom" ni kama kusema anko, kila mzee wa Kiburu ni Oom. Kaptula mwaka mzima, soksi mpaka magotini, hata ile baridi ya mwezi wa saba haimtishi.

Siku moja akaniita pale ukutani: "Come Saturday, we reload."

Mimi reload ninayoijua ni ya vocha. Jumamosi nikaenda na simu mkononi, nikitaka kujua mzee kapata ofa gani ya bando.

Kumbe mzee anatengeneza risasi.

Kwa msiojua, iko hivi. Ukishapiga risasi, kinachobaki ni lile ganda la shaba. Halitupwi. Unalisafisha, unalirudisha kwenye umbo lake kwa mashine ndogo ya mkono iliyofungwa mezani, unaweka kiwashio kipya kitakoni, unatia baruti, halafu unakandamiza kichwa cha risasi juu. Wawindaji wengi wa huku wanafanya hivyo majumbani na ni halali, mradi una leseni ya bunduki yenyewe.

Na leseni ninayo, wakuu. PR, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, ninayo, mafunzo nilikwenda, sefu imefungwa ukutani kwa boliti. Wale wa "mkuu huogopi polisi" naomba mpumzike, uzi bado mrefu.

Sasa, bunduki yangu ni ya kuwindia, ya muundo wa zamani, na maganda yake yana jambo moja. Maganda mengi ya rifle yana mabega na shingo, kama chupa ya soda. Haya ya kwangu hayana. Yamenyooka juu mpaka chini kama kipande cha bomba.

Likumbukeni hilo neno, kunyooka. Ndilo lililoniponza.

Lingine ni kwamba kila kitu nilifundishwa na Oom Kobus kwa Kiingereza. Yeye anasema "case", mimi nikawa nasema kesi. Kesi chafu, kesi safi, kesi iliyopasuka, lete kesi hapa. Neno ganda likanitoka kichwani kabisa, na nimezaliwa Morogoro mimi.

Nikisema kweli, Kiswahili chenyewe kilichangia. Kile kiwashio cha kitakoni, kamusi inakiita fataki. Kwa wasio Watanzania: kwetu fataki ni jibaba linalonyemelea mabinti wa shule. Sasa nani atathubutu kutamka kwamba ana boksi la mafataki gereji? Nikaona bora nibaki na maneno ya Oom.

Turudi kwenye hoja.

Nilikuwa na mchumba, Furaha. Mkongo wa Uvira, kaletwa Joburg akiwa mdogo, msusi mwenye mikono ya ajabu na mdomo wa ajabu zaidi. Wazazi wake walishafariki. Aliyemlea ni mjomba wake, Tonton Byamungu, fundi cherehani, wanakaa Turffontein. Tonton ndiyo mjomba kwa Wakongo. Pale nyumbani akisema ndiyo ni ndiyo, akisema hapana hata mchungaji hambembelezi.

Nilimpenda yule binti, wakuu. Sisemi kwa kujipendekeza. Nilikuwa naendesha kutoka Randburg mpaka Turffontein, mji mzima huo, ili tu nikakae saluni nimtazame anavyosuka vichwa vya watu.

Kuhusu uwindaji, Furaha alijua. Nikamuuliza, Tonton je? Akasema amemwachia Tantine, yaani mke wa Tonton, amweleze mumewe taratibu. Mimi nikaweka moyoni kwamba Tonton anajua.

Tantine hakusema kitu. Alikuwa anangoja siku nzuri, na siku nzuri ilikuwa haijafika.

Siku ya kwenda kujitambulisha nikaongozana na mshenga, Mzee Sekiondo, Msambaa mwenye duka la vipuri kule Rosettenville. Suti nilivaa. Viatu vilikuwa vinang'aa. Tukakaribishwa fufu, sombe (kisamvu) na makayabu (samaki wa chumvi), mazungumzo yanaenda vizuri, mpira, mvua, nyumbani. Furaha na Tantine wako jikoni.

Tonton akaosha mikono, akanigeukia.

"Furaha anasemaka Samedi haupatikanake. Unakuwaka wapi?"

Samedi ni Jumamosi. Nami kwa kujiachia, kifua mbele: "Nakuwa gereji, Tonton. Nashughulika na kesi zangu."

"Kesi?"

"Ndiyo, Tonton."

"Iko mingi?"

"Kwa sasa zinafika mia. Lakini usihofu, kesi zangu zote zimenyooka."

Mzee Sekiondo akapaliwa na maji. Nikadhani ni makayabu, yana miiba.

Tonton akasogeza kiti. "Na nani anakusaidiaka?"

"Kuna mzee mmoja wa Kiburu, jirani. Huyo ana kesi tangu ujana wake. Amenifundisha kila kitu. Kesi ikigoma, unaipaka mafuta kidogo, inapita laini."

Naomba msome tena hiyo sentensi mkijifanya ni baba mkwe.

Maana kweli kesi hupakwa mafuta kabla ya kuingizwa kwenye mashine, la sivyo inakwama humo na kuitoa ni shughuli. Nilikuwa natoa elimu mimi!

"Na hauogopake?" akauliza Tonton, sauti imeshuka.

"Mwanzo niliogopa. Sasa nimezoea. Uzuri wa kesi ni kwamba ukimaliza nayo, unairudia tena. Kesi moja mimi nimeshairudia mara nyingi tu."

Tonton akaita jikoni.

Chakula kikaondolewa. Tukaagwa kwa heshima zote, tena heshima nyingi kuliko za kukaribishwa. Njiani tukafika robot ya kwanza, yaani taa za barabarani, ikawa nyekundu, Mzee Sekiondo akanigeukia.

"Mwanangu, hizo kesi za mahakamani ungeniambia mapema mimi mshenga wako. Ningejua pa kuzipitishia."

Nilicheka mpaka taa ikageuka kijani, wa nyuma wakaanza kunipigia honi. Nikamweleza, naye akacheka. Tukasema tutawapigia kesho tuwaeleze, yaishe.

Hatukuwahi. Kesho yake ilikuwa Jumapili, na kwenye kanisa lao akina mama walikuwa wameshaanza kuniombea. Furaha akanisimulia baadaye: mama mmoja kasimama, machozi yanamtoka, "Bwana, ukate minyororo ya tribunal kwa uyu kijana mwenye kesi mia." Tribunal kwao ni mahakama. Kanisa zima amina.

Furaha akatoka nje na simu.

"Eish, wewe! Kesi mia? Uliua batu wangapi?"

Nikamwambia ni zile kesi za gereji, zile za risasi. Akaangua kicheko, nikamsikia anagonga ukuta. Kisha kicheko kikakatika ghafla.

"Lakini, tukimweleza Tonton hivyo," akasema, "itabidi tumwambie uko na bunduki."

Hapo ndipo nilipojua kuwa Tantine hajamwambia mzee kitu. Hapo pia ndipo nilipojua kwa nini. Wale watu walitoka Uvira wakikimbia vita. Walivuka ziwa, wakakaa kambini Kigoma miaka, ndiyo wakaja huku. Na neno kesi Tonton alilijulia hukohuko Kigoma, kwa askari wa kambi.

Jumatatu mshenga akapigiwa simu. Ujumbe ukawa mfupi: posa isimame kwanza, kijana amalize mambo yake na serikali.

Wakuu, nilikosa usingizi. Unaona mambo yalivyo? Nikinyamaza, mimi ni mhalifu sugu wa kesi mia. Nikisema kweli, mimi ni mtu mwenye bunduki mbele ya mzee aliyepoteza ndugu kwa bunduki. Kote Furaha anaondoka.

Nikaamua kusema kweli. Nikarudi Turffontein na Mzee Sekiondo, safari hii bila suti. Mfukoni nilikuwa na ganda moja tupu, nikaliweka mezani.

"Tonton, kesi niliyosema ndiyo hii. Sina shauri lolote mahakamani. Mimi ni mwindaji, nina bunduki ya leseni, na hizi ndizo natengeneza Jumamosi. Nilidhani unajua."

Alilishika. Hakuuliza ni nini. Akaligeuza, akalinusa mdomoni, akalirudisha mezani polepole.

"Kule kwetu," akasema, "asubui batoto banaziokotaka mu parcelle, inje ya nyumba. Banachezea. Tunaziitaka maganda."

Maganda. Neno langu mwenyewe la utotoni, naletewa na Mkongo.

Tantine akaanza kulia kwamba kosa ni lake. Tonton akamwinulia mkono, si kwa ukali. Kisha akatoa kauli ambayo Mzee Sekiondo anaisimulia kila kijiwe cha Waswahili hapa Joburg.

"Mwanangu, afazali zingekuwa kesi za tribunal."

Kiukweli ilichekesha, na hakuna aliyecheka.

Nikajua nimeisha. Nikasimama kuaga. Ndipo mzee akauliza, bila kuniangalia: "Na hiyo kazi, mutu anaweza kuiangalia?"

Jumamosi ile nikamfuata Turffontein. Furaha alitaka kuja, akakatazwa. Tonton kavaa koti lake la kanisani, kakaa kimya njia nzima.

Oom Kobus naye alikuwa amepewa habari. Akatutokea na ile kaptula yake, akamshika mzee mkono kwa mikono miwili. Wawili hawana lugha ya pamoja. Oom akasema "Welcome, Oom", Tonton akajibu "Asante, Papa", wakatazamana kama wakwe.

Kwenye gereji ya Oom kuna sheria moja: baruti ikiwa mezani hakuna kuongea. Redio haiwashwi na simu inabaki ndani ya nyumba. Mimi gereji yangu niliiga sheria hiyohiyo. Ila siku ile nilikuwa na mkwe, na mkwe anataka maelezo, au niseme mimi nilitaka kuyatoa.

Nikamketisha kwenye gereji yangu. Nikaanza. Hii tunairudisha umbo, Tonton. Hii, kwa kuwa imenyooka na haina shingo, lazima tuipanue mdomo kidogo, la sivyo kichwa cha risasi kitaikwaruza kikiingia. Hiki ndicho kiwashio. Nikaruka jina.

Oom Kobus akaenda kwake kuleta kahawa.

Nikapanga maganda kwenye kibao chenye mashimo, nikaanza kutia baruti, moja baada ya jingine, huku mdomo haufungi. Namweleza habari za mizani, habari za vitabu vya vipimo, namweleza na lifti za Sandton. Nilijiona profesa.

Katikati nikasita. Lile ganda lililo mbele yangu, nimeshalitia au bado?

Nikamulika na tochi. Nikaona yote yanalingana.

Sasa hapa ndipo lilipo tatizo la maganda haya. Yale yenye shingo, ukijisahau ukatia mara mbili, baruti inamwagika, linakuumbua lenyewe. Haya yaliyonyooka yana tumbo refu, na kipimo changu ni kidogo. Linapokea mara mbili na linakaa kimya. Siku ukilipiga ndipo linasema, na linakusemea usoni.

Kumulika nilimulika, ndiyo. Lakini macho ya mtu anayetaka kusifiwa mimi siyaamini. Nilikuwa na njia mbili: niendelee na maneno yangu, mzee asingejua chochote, au nikiri mbele yake kwamba mtaalamu nimepotea njia.

Nikashika lile la kwanza, nikalimwaga. Nikashika la pili.

"Juu ya nini unamwanga?"

"Nimepoteza hesabu, Tonton. Nimeongea sana."

"Zote unamwanga?"

"Zote."

Nikarudisha baruti kwenye kopo lake mpaka kibao kikabaki kitupu. Nikaona aibu, wakuu, aibu ya kweli, masikio yanawaka. Nikamwomba radhi kwamba sasa sitaongea. Nikaanza upya.

Tonton akavuta kiti karibu na meza. Oom Kobus akarudi na kahawa, akatuona tulivyo kimya, akaweka vikombe sakafuni na yeye akakaa. Watu wazima watatu kwenye gereji, hakuna sauti zaidi ya ule mkono wa mashine ukipanda na kushuka.

Nilipomaliza, nikafunika baruti, nikaiweka kabatini, nikafunga. Tonton akapumua.

"Bale benye balikuwa na masasi kwetu," akasema, "niliona bengi. Sikuone hata mumoja mwenye alirudia nyuma."

Nikamwinulia kikombe chake cha kahawa pale sakafuni.

Akaendelea: "Bunduki siipende, na sitaipenda. Hivi vitu vihamie kwa Papa huyu. Nyumba yenye Furaha atalala, unga wa masasi usilale mule. Unanisikia?"

"Nimekusikia, Tonton."

"Basi twende, Tantine ananingojea."

Njiani ndipo aliponiuliza habari za lifti. Nikajua mambo yamefunguka.

Siku ya posa rasmi Turffontein ilijaa. Kanisa zima, na wale akina mama wa maombi mstari wa mbele. Mimi najua, Furaha anajua, lakini wao bado wanajua habari ya mahakama tu.

Tonton akasimama na ule uzito wake.

"Bandugu, muliomba sana juu ya kesi za uyu kijana. Sikutaka kusikia kwa batu. Nilienda mimi mwenyewe Randburg, nikaziona na haya macho. Ni kweli, iko nazo, na ni mingi."

Watu wakashika midomo. Furaha akanifinya paja mpaka nikasimama nusu.

"Zimenyooka zote," akasema Tonton. "Mutoto tunamupa."

Vigelegele! Mimi nilicheka huku machozi yananitoka, sijui kipi kilianza. Wale akina mama wakaamini maombi yamejibiwa, na nikifikiria, sioni pa kuwabishia. Ila mmoja alinivuta pembeni baadaye, akaninong'oneza jina la wakili mzuri, endapo moja itafufuka.

Kwa hiyo wakuu, nilichojifunza ni haya. Ukienda ukweni, kitu kiite kwa jina alilokupa mama yako. Ganda ni ganda. Na baruti ikiwa mezani, funga mdomo. Hata kama aliyekaa mbele yako ndiye mwenye mwanamke.

EDIT: Naona mnaniuliza PM kama Tonton alikuja kuizoea bunduki. Hapana. Mpaka leo akija kwetu haulizi habari za porini, na nyama ya swala haonji. Nami simlazimishi.

Lakini lile ganda nililoliacha mezani kwake siku ile hakunirudishia. Mwezi uliopita nilipita Turffontein kuchukua suruali, nikaliona limesimama juu ya cherehani, limeng'arishwa, limejaa sindano. Nikamtazama. Akaliinamisha, sindano moja ikatoka, akatunga uzi.

"Iko muzuri," akasema. "Haina shingo, sindano hazikwame."

Haya, jukwaa lenu. Wewe neno gani lilikuponza ukweni? Semeni, Furaha anasubiri kusoma.